Baba anaogopa sindano ya mgongo: jibu kwa binti wa Kaliua

Swali: "Shikamoo daktari. Baba yangu ana miaka 66, ni mkulima wa tumbaku hapa Kaliua na ameivuta tangu ujana. Ana sukari. Kidonda cha kidole gumba cha mguu wa kulia kimekuwa cheusi, na weusi umepanda hadi kwenye wayo. Tulipompeleka Tabora mjini tumeambiwa damu haifiki tena mguuni, akatwe chini ya goti wiki ijayo. Mtaalamu wa usingizi amesema atachomwa ganzi ya mgongo. Baba amekataa katakata. Anasema kuna mtu wa kijiji cha jirani alichomwa hiyo sindano akapooza, yeye anataka nusu kaputi asisikie msumeno. Sisi watoto tumegawanyika. Kipi ni salama zaidi? Halafu, sijui kama inahusu, tangu apate kiharusi kidogo mwaka jana anatumia vidonge viwili vya kulainisha damu."

Marahaba, mwanangu, na poleni sana nyumbani.

Naanza na sentensi yako ya mwisho, ile uliyoitanguliza kwa "sijui kama inahusu". Inahusu kuliko kila kitu kingine ulichoandika. Leo hii kusanyeni dawa zote anazotumia baba, pakiti tupu, vyeti vyake vya hospitali, hata chupa ya mitishamba kama ipo, mtie vyote kwenye mfuko mmoja, na mfuko huo umfikie mtaalamu wa usingizi kabla ya siku ya upasuaji. Msimwachishe dawa kwa uamuzi wenu wenyewe, kwa sababu zilizomzuia asipate kiharusi kikubwa ni hizo hizo. Mwambieni tu daktari: anameza vidonge viwili vya damu, na cha mwisho amekimeza siku fulani, saa fulani.

Mgonjwa aliyepata kiharusi kidogo akapewa vidonge viwili, mara nyingi huwa ni aspirini na klopidogreli. Dawa hizi hazilainishi damu kama watu wanavyodhani. Zinazilemaza chembe sahani, zile zinazokimbilia pale mshipa ulipotoboka na kushikana ili kuziba. Chembe iliyoguswa na klopidogreli haiponi tena. Mwili hungoja kutengeneza nyingine mpya, na ndiyo maana athari ya dawa hubaki siku 5 hadi 7 baada ya kidonge cha mwisho. Aspirini ikiwa peke yake kwa kawaida haituzuii kuchoma ganzi ya mgongo. Klopidogreli inatuzuia mpaka siku hizo zipite. Na zikiwa mbili pamoja, mimi siwezi kumgusa mgongoni.

Damu ikivuja kidogo mkononi, utaona uvimbe na weusi, siku chache umekwisha. Ndani ya uti wa mgongo hakuna nafasi ya kuvimba. Mishipa ya fahamu imepita kwenye mfereji wa mfupa, na damu ikikusanyika humo haina pa kutanukia, basi inaibana mishipa ile mpaka inakufa. Hiyo ndiyo njia ya hakika ninayoijua ya mtu kuingia akiwa anatembea na kutoka akiwa amepooza. Ikitokea, mgonjwa anatakiwa kufunguliwa mgongo damu itolewe, na nafasi nzuri ya kupona ni ndani ya kama saa 8 tangu miguu ilipolegea. Sasa wewe mwenyewe piga hesabu: mtu agundue usiku wodini, daktari aitwe, kipimo cha kuona ndani ya mgongo kitafutwe, mpasuaji wa mgongo apatikane, na pengine safari ya Mwanza. Saa 8 zinaisha njiani. Kwa mtu wa mikoa yetu, swali la dawa za damu likijibiwa kabla ya sindano ndilo tiba. Likijibiwa baadaye tumechelewa.

Kwa hiyo yule mtu wa kijiji cha jirani simkatai. Sijui kilichompata, na sitamwita baba mwoga. Lakini ganzi ya mgongo kwa mtu aliyechaguliwa vizuri ni nadra mno kupoozesha. Uingereza walihesabu mwaka mzima, ripoti ikatoka 2009: katika sindano za mgongo zaidi ya 700,000, waliopata madhara ya kudumu walikuwa kati ya 2 na 4 kwa kila watu 100,000, na waliopooza au kufa hawakufika 2 kwa kila 100,000. Sababu ni kwamba uti wenyewe, ule unene wake, unaishia usawa wa juu ya kiuno. Sisi tunachoma chini zaidi. Huko kuna nyuzi za mishipa ya fahamu tu, zinaelea kwenye maji kama katani iliyolowekwa, na ncha ya sindano ikija husogea pembeni.

Mwelezee baba itakavyokuwa, maana nimeona wengi hofu inawatoka wakishajua hatua kwa hatua. Atakaa ukingoni mwa kitanda cha upasuaji, miguu kwenye kigoda, amekumbatia mto. Muuguzi atasimama mbele yake amshike mabega, kidevu kifuani, mgongo autoe nje kama paka anayejinyoosha. Atahisi dawa ya kusafishia, baridi sana. Kisha vidole vyangu vikitafuta nafasi kati ya mifupa. Kisha kijisindano cha kufisha ngozi, kinauma kama mdudu. Baada ya hapo ni msukumo tu. Mimi nahisi mkatiko mdogo mkononi, natoa waya wa ndani ya sindano, nangoja, na linatoka tone moja jeupe kama chozi. Tone hilo likiwa safi najua nimefika. Dawa yenyewe ni mililita 2 hadi 3 tu. Kabla hajalala vizuri atasema miguu inapata joto, kama ameiweka jua la asubuhi.

Hatukati kitu kwa kuamini. Nachukua pamba yenye spiriti namgusa begani: "Baridi?" Atasema baridi. Namgusa pajani: "Hapa je?" Mara nyingi wananijibu, "Unanigusa, lakini sioni baridi." Hapo ganzi imeshika. Na hili mwambieni mapema: atahisi kuguswa na kuvutwa, hatahisi maumivu. Wasioambiwa hushtuka wakidhani dawa imegoma. Msumeno ni kweli unasikika masikioni. Kwa hilo tuna dawa ya kumsinzisha kidogo mshipani, tunaweka pazia, na mimi huruhusu simu yenye visikizio. Mzee mmoja wa Sikonge alisikiliza kwaya mwanzo hadi mwisho, akaniuliza tumeanza saa ngapi wakati tunafunga bandeji.

Kwa nini basi mwenzangu alichagua ganzi kwa baba yako? Ningechagua vilevile kama si zile dawa. Mtu aliyevuta tumbaku miaka 40 mapafu yake hayapendi mpira wa kupumulia wala mashine. Mwenye sukari ya muda mrefu tumbo lake hukawia kumwaga chakula, na kwenye nusu kaputi chakula hicho kinaweza kupanda kikaingia mapafuni. Tena mishipa iliyoziba mguuni haikuziba huko peke yake. Ya moyo na ya kichwa iko katika hali hiyo hiyo, naye tayari kiharusi kimempitia. Mgonjwa aliye macho ananiambia mwenyewe kifua kinabana, au jasho linamtoka na anaona giza kwa sababu sukari imeshuka. Aliyelala hasemi. Mimi naithamini sana sauti ya mgonjwa. Hakuna mashine yenye taarifa nyingi kama hiyo.

Ila sitakudanganya kwamba ganzi siku zote hushinda. Kwenye upasuaji wa mshipa mkubwa wa shingo, ule unaopeleka damu kichwani, walifanya utafiti mkubwa uliotolewa 2008, wagonjwa 3,526, nusu ganzi nusu usingizi. Viharusi, mshtuko wa moyo na vifo vilikaribiana mno: 4.8 kwa mia kwa usingizi, 4.5 kwa ganzi. Nusu kaputi iliyotolewa na mtu makini, mwenye oksijeni ya uhakika na kipima oksijeni kidoleni, ni salama kuliko ganzi ya mgongo iliyochomwa kwa mtu asiyestahili. Na baba, kwa leo, huenda hastahili.

Huenda, nasema, kwa sababu zipo njia tatu na mnapaswa kuzijua zote. Ya kwanza ni kungoja: daktari asimamishe klopidogreli, abakize aspirini, siku 5 hadi 7 zipite, ndipo achomwe mgongo. Hii inategemea kidonda. Kama weusi ni mkavu na baba hana homa, wiki moja inawezekana. Kama kuna usaha, harufu, homa na baba ameanza kuchanganyikiwa, hakuna cha kungoja, na hapo ganzi ya mgongo ina kosa la pili: hushusha presha, na mtu mwenye sumu ya kidonda kwenye damu presha yake imeshaanza kushuka yenyewe. Pia baba aulizwe kama aliwahi kuambiwa vali ya moyo imebana. Wenye tatizo hilo hawavumilii kushuka huko.

Njia ya pili siyo mgongo wala usingizi, na wengi hawajui kama ipo. Ni kuufisha ganzi mguu peke yake. Mshipa mkubwa wa fahamu wa nyuma ya mguu unachomwa pajani au nyuma ya goti, na ule wa mbele unachomwa kinenani au pajani. Huku damu ikivuja kidogo unabonyeza kwa mkono inakoma. Hakuna mfereji wa mfupa. Mguu wa pili anauchezesha, presha haiyumbi sana. Kwa mzee mwenye dawa mbili za damu na kidonda kisichongoja, hii ndiyo ningeipenda, mradi aliyepo anaijua kazi hiyo na ana mashine ya altrasaundi ya kuona mishipa. Kama haijui, asijifunzie kwa baba. Njia ya tatu ni nusu kaputi aliyoitaka mwenyewe, na isiwe aibu kwa mtu yeyote ikichaguliwa.

Hii ganzi ya kiungo kimoja ina hatari yake, nayo ni kipimo cha dawa. Nimesema mgongoni ni mililita 2 au 3. Kwenye mguu au mkono tunatumia 20, pengine 30. Bupivakaini, yaani dawa yenyewe ya ganzi, hatupendi izidi takriban miligramu 2 kwa kila kilo ya mgonjwa. Mzee wa kilo 50 mwisho wake ni miligramu 100, yaani mililita 20 za ile ya asilimia 0.5. Ukimkadiria kwa macho kuwa ana kilo 70, umempa mililita 28. Ndipo mtu anaanza kusema mdomo una ladha ya chuma, masikio yanalia, midomo imekufa ganzi, halafu degedege, halafu moyo. Na mgonjwa wa mguu uliooza ndiye hasa anayekadiriwa kwa macho, maana hawezi kusimama kwenye mizani! Naomba hili mlifanye nyinyi. Kaka yako ambebe baba mgongoni, apande naye kwenye mizani, kisha apande peke yake, mtoe tofauti. Andikeni kilo hizo kwenye karatasi mkampe daktari. Na mnaweza kuuliza kwa adabu kama chumba cha upasuaji kina dripu ya mafuta, yale meupe kama maziwa ya asilimia 20. Mafuta hayo yakiingizwa haraka mshipani, mililita 1.5 kwa kilo, huinasa dawa ya ganzi na kuuachia moyo. Mtaalamu hatakasirika kuulizwa, mimi ningefurahi.

Sasa upande wa mwili, kwamba ni wa kulia au wa kushoto. Hapa lazima nikusimulie la kwangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa namfisha ganzi mkono mama mmoja mgonjwa wa figo, anatengenezewa fistula. Siyo ile ya uzazi inayojulikana zaidi. Hii ni kuunganisha mshipa wa ateri na wa vena mkononi ili mashine ya kusafisha damu ipate pa kuingilia. Mkono uliokusudiwa ulikuwa wa kushoto. Alikuwa amefunikwa shuka, wa kulia ndio uliokuwa nje karibu yangu, nami nilikuwa nimechelewa na kuna dharura inaningoja. Nimeshasafisha, sindano iko mkononi, muuguzi akaweka kiganja chake juu ya bega la mama akasema, "Daktari, tusimame kidogo. Mama, wanakupasua wapi?" Mama akanyoosha mkono wa kushoto. Nilitetemeka siku ile, na mpaka leo siichomi sindano bila kusimama na kuuliza kwanza, hata kama mgonjwa huyo nimemhudumia mara 5.

Kwa baba hili ni kubwa zaidi. Wenye sukari mara nyingi miguu yote miwili ina vidonda na bandeji. Na ganzi ya mgongo hufisha miguu yote miwili, kwa hiyo akishalala hawezi kutofautisha unaoshikwa. Mguu wa kulia uwekewe alama ya kalamu na mpasuaji mwenyewe, wodini, baba akiwa macho na ninyi mkiona. Ndani ya thieta kuna orodha ya Shirika la Afya Duniani inayosomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya ganzi, kabla ya kisu, kabla ya kutoka. Ilijaribiwa kwenye hospitali 8 duniani, na moja ilikuwa ya kwetu, Ifakara. Matokeo yalitangazwa 2009: vifo vilishuka kutoka 1.5 kwa mia hadi 0.8, matatizo kutoka 11 hadi 7. Muulize mtaalamu kama wanaisoma. Ni swali la haki.

Nimegusia fistula ya mkono, basi niongeze neno moja, kwa kuwa baba ana sukari na figo zake zinaweza kufika huko siku moja. Kule ganzi yenyewe ni sehemu ya tiba. Ukifisha mishipa ya fahamu ya mkono mzima, mishipa ya damu nayo inalegea na kutanuka, mpasuaji anashona kitu kinene badala ya uzi. Glasgow waliwagawa wagonjwa 126, nusu ganzi ya mkono mzima, nusu ganzi ya kuchoma palepale penye kisu. Baada ya miezi 3, fistula zilizokuwa bado wazi zilikuwa 84 kwa mia upande wa kwanza, 62 upande wa pili. Utafiti huo ulitoka 2016. Likumbuke kama siku hiyo itafika, na hadi hapo mlinde mishipa ya mkono wake asioutumia zaidi, isitobolewe ovyo kwa dripu.

Mengine ni mafupi. Chakula asile saa 6 kabla, maji matupu au chai ya rangi anaweza hadi saa 2 kabla, ila wodi ikimpa masaa marefu zaidi yafuateni, kwa ajili ya tumbo lile la sukari. Insulini au vidonge vya sukari vya asubuhi hiyo muulizeni daktari, msimpe kwa mazoea. Tumbaku aiache leo. Hata siku chache hupunguza hewa ya sumu kwenye damu yake. Maumivu ya kichwa baada ya sindano ya mgongo yapo, ila wazee huyapata kwa nadra kuliko vijana. Na mguu uliokatwa unaweza "kumuuma" kana kwamba bado upo. Akisema hivyo msimcheke wala msiseme ni mashetani. Ni mishipa ya fahamu, na dawa zake zipo.

Uamuzi wa mwisho ni wa baba, kwa sababu mguu ni wake. Msimburute. Mkae naye, mmsomee hili, kisha mwende naye kwa mtaalamu wa usingizi, yeye mwenyewe aseme: naogopa kupooza, naogopa kusikia, na dawa zangu ni hizi. Akisikilizwa, naamini atakubali mojawapo ya njia tatu bila kulazimishwa.

Ikiwa atachomwa ya mgongo, zamu ya usiku ule iwe ya mtu asiyelala. Mguu wenye ganzi usipashwe moto kwa chupa ya maji wala kukandwa, ataungua asijue. Ganzi huachia kwa kawaida ndani ya saa 2 hadi 4. Kila nusu saa mwambie baba achezeshe vidole vya mguu wa kushoto, na vikianza kucheza mwite muuguzi aandike saa. Saa 4 zikipita havijacheza, au vikacheza kisha vikalegea tena, au mgongo ukaanza kumuuma kwa namna mpya, au mkojo ukagoma, usingoje raundi ya asubuhi: mfuate daktari wa zamu mwenyewe, umtajie zile dawa mbili, na usiondoke mlangoni pake mpaka aje kitandani.